Vitamini za Sahani na Vitamini za Kopo

Kiseyeye huvimbisha fizi na kuzitoa damu, matege hupinda miguu ya mtoto, rovu huota shingoni. Kwa sura maradhi haya hayafanani hata kidogo, lakini yote hutokea pale mwili unapokosa kitu kidogo sana: vitamini C kwa kiseyeye, vitamini D au kalsiamu kwa matege, madini joto kwa rovu. Udogo wenyewe ni wa kustaajabisha. Mtu mzima anahitaji takriban maikrogramu 150 za madini joto kwa siku; ya miaka 70 yakikusanywa pamoja hayajazi kijiko cha chai. Ndiyo maana mtu anaweza kula akashiba kila siku na bado akaishi na njaa ambayo tumbo halina habari nayo. Wataalamu wa lishe huiita njaa iliyofichika.

Elimu ya mambo haya ilianzia kwenye chakula. Mwaka 1747 James Lind, daktari katika meli ya kivita ya Uingereza, aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye wawili wawili, kila jozi akaipa tiba yake. Waliokula machungwa na malimau ndio walioinuka upesi. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Java, Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wakilegea miguu kama wagonjwa wa beriberi, na wakipona waliporudishiwa mchele usiokobolewa. Mwaka 1912 Casimir Funk, mkemia mzaliwa wa Poland, alibuni jina ambalo leo ni vitamini. Zinazojulikana sasa ni 13. Nne kati yake, yaani A, D, E na K, huyeyuka katika mafuta na mwili huweza kuziweka akiba, kwa hiyo zikizidi baadhi yake hurundikana na kudhuru. Zilizobaki, C na jamii ya B, huyeyuka katika maji, na ziada yake nyingi hutoka na mkojo.

Wakemia walipoweza kuzitengeneza viwandani, vitamini zikahama kutoka shambani hadi dukani. Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo bado linaulizwa kila siku kwenye maduka ya dawa ya Dar es Salaam na Nairobi: kuna haja gani ya kuhangaika na mchicha, kama kilichomo kwenye mchicha kimo kwenye kopo?

Jibu la kwanza ni kwamba kilichomo kwenye kopo si chote kilichomo kwenye mchicha. Kwa miaka mingi uchunguzi ulionyesha kuwa watu wanaokula sana mboga na matunda yenye karotini, ile rangi ya njano na chungwa ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hupata saratani ya mapafu kwa uchache kuliko wengine. Ikadhaniwa kuwa karotini ndiyo kinga. Nchini Finland wanaume 29,133 waliokuwa wakivuta sigara waliingizwa katika utafiti, baadhi yao wakapewa vidonge vya beta-karotini. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1994, waliomeza vidonge hivyo walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiomeza. Utafiti mwingine wa aina hiyo nchini Marekani ulisimamishwa mwaka 1996 kwa sababu ileile. Vitamini E nayo, iliyopewa wanaume wazima wenye afya kwa matumaini ya kuzuia saratani ya tezi dume, iliishia kuiongeza. Kirutubisho kikitolewa ndani ya chakula, kikatengwa na wenzake na kumezwa kwa wingi ambao hakuna sahani inayoweza kuutoa, kinaweza kuwa kitu kingine kabisa mwilini.

Hata hivyo sahani nayo haifanyi kazi yenyewe tu. Chukua mlo wa kawaida: ugali, maharage na chai ya rangi. Maharage yana chuma, takriban miligramu 2 katika kila gramu 100 zilizopikwa, lakini chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama, samaki au maini. Ndani ya maharage na mahindi kuna asidi ya fitiki inayokishika chuma na zinki na kuvizuia visipite kwenye utumbo. Ile chai inayoshushia mlo inaongeza kizuizi cha pili, kwani rangi yake ya ukali hukamata chuma kabla hakijafika kwenye damu. Kikombe kimoja pamoja na chakula huweza kupunguza chuma kinachofyonzwa kwa zaidi ya nusu. Chai hiyohiyo ikinywewa saa moja au mbili baada ya kula, hasara hupungua sana. Ikiwekwa kachumbari yenye ndimu mahali pake, au pera, au kipande cha papai, hali hugeuka: vitamini C hukifungua chuma cha mimea kikapita. Pera moja lina vitamini C mara kadhaa ya chungwa la ukubwa huohuo, na wakati wa msimu mapera huoza chini ya miti. Mlo ni uleule na gharama ni ileile. Kinachobadilika ni mpangilio, na damu inayopatikana inatofautiana.

Mapishi ya zamani yalijua mengi ya haya bila maabara. Maharage yakilowekwa usiku kucha na maji yake yakamwagwa, sehemu ya fitiki huondoka nayo. Nafaka ikioteshwa kuwa kimea, au uji ukichachushwa kuwa togwa, vimeng'enya huivunja fitiki hiyo na madini yakapata nafasi. Mchicha, kisamvu au matembele yakiungwa kwa tui la nazi au karanga zilizopondwa, mafuta yake ndiyo yanayoibeba karotini hadi mwilini. Mboga iliyochemshwa kwa maji matupu huacha nyingi ipite bure. Lakini yapo pia mazoea yanayopoteza. Mboga ikikatwa vipande vidogo kisha ikaoshwa, vitamini zinazoyeyuka katika maji huenda na maji. Ikichemshwa muda mrefu na mchuzi wake wa kijani ukamwagwa, hasara huwa kubwa zaidi. Kuosha kwanza, kukata baadaye na kupika kwa muda mfupi sufuria ikiwa imefunikwa hakuhitaji fedha yoyote. Kisamvu ndicho cha kuangaliwa: kina sumu ya sianidi, na lazima kitwangwe na kuiva sawasawa hata kama vitamini C yake itaangamia.

Mashine ya kukoboa ni habari nyingine. Sembe ni nyeupe, laini na haina pumba, na kwa familia nyingi ndiyo alama ya maisha kuinuka kidogo. Weupe huo hupatikana kwa kuondoa ganda na kiini cha punje, na humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya vitamini B, chuma na zinki. Dona huvibakiza, ingawa pamoja navyo hubakiza fitiki, kwa hiyo ubora wake kwa upande wa madini si mkubwa kama unavyosifiwa. Mahindi kwa jumla yana udhaifu mwingine: niasini yake, mojawapo ya vitamini B, imefungwa kiasi kwamba anayeyategemea peke yake huweza kupata pelagra, ugonjwa wa ngozi kubabuka, kuhara na kuchanganyikiwa. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 uliua maelfu ya maskini, hadi Joseph Goldberger alipoonyesha kuwa chanzo ni mlo, wala si vijidudu. Wenyeji wa Mexico, ambao mahindi yametoka kwao, wanayachemsha na chokaa tangu zamani, na njia hiyo huifungua niasini. Mbegu ilisafiri hadi Afrika. Upishi wake ukabaki.

Kushauri kila mtu ale mlo kamili ni rahisi, na ushauri huo hauna kosa ila hauwafikii wanaouhitaji zaidi. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta upungufu wa damu kwa asilimia 58 ya watoto wa chini ya miaka mitano na asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa. Si kila upungufu wa damu hutokana na kukosa chuma, kwani malaria, minyoo na selimundu vina sehemu yao, lakini chuma ni sababu kubwa. Mjamzito anahitaji takriban miligramu 27 za chuma kwa siku. Kwa maharage peke yake angelazimika kula zaidi ya kilo moja yaliyopikwa, kila siku, na bado sehemu ndogo tu ingefyonzwa. Maini, nyama na dagaa vingefupisha njia. Dagaa hasa, wanaoliwa wazima na mifupa yao, hutoa kalsiamu, chuma na vitamini B12 kwa bei inayovumilika. Lakini nyama si ya kila siku katika nyumba nyingi, na anapoipata mama mara nyingi yeye ndiye wa mwisho kujipakulia. Kumwambia mwanamke huyo kuwa chakula ni bora kuliko vidonge ni kumpa ukweli usioweza kumsaidia.

Yapo pia mapungufu ambayo hayahusiani na umaskini wala uvivu wa kupika. Madini joto hutoka ardhini, na katika nyanda za juu mvua imeyaosha udongoni kwa maelfu ya miaka. Mboga iliyostawi vizuri kwenye udongo huo inaweza kuwa haina kitu. Vitamini B12 haimo katika mimea kabisa, hivyo asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa hana budi kuitafuta kwingine. Wazee wengi hupungukiwa nayo kwa sababu tumbo halizalishi tena asidi ya kutosha, na dawa ya kisukari ya metformin ikitumiwa miaka mingi huipunguza. Vitamini D hutengenezwa na ngozi kwa jua. Watu wenye ngozi nyeusi waliohamia Uingereza hushauriwa na mamlaka ya afya ya huko kumeza maikrogramu 10 kila siku mwaka mzima, kwa kuwa jua la kaskazini halitoshelezi ngozi iliyoumbwa kwa jua la ikweta.

Kati ya sahani na kopo ipo njia ya tatu ambayo haizungumzwi vya kutosha, nayo ndiyo iliyookoa watu wengi kwa kelele ndogo zaidi: kuweka virutubisho ndani ya chakula ambacho watu wanakula tayari. Katika wilaya za Tanzania zilizokuwa na rovu nyingi viligawiwa kwanza vidonge vya mafuta yenye madini joto. Katika miaka ya 1990 sheria ikaelekeza kuwa chumvi yenyewe iwekewe madini hayo. Hakuna aliyelazimika kubadili mlo wala kukumbuka dozi. Udhaifu uliobaki ni chumvi ya mabwawa madogo inayouzwa kwa kipimo bila kuongezwa kitu, na chumvi nzuri inayoachwa wazi juani hadi madini joto yakapungua. Tanzania ilitunga kanuni za kuongeza virutubisho kwenye unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula mwaka 2011, na Kenya ikachukua hatua kama hiyo mwaka 2012. Viwanda vikubwa vya ngano hufuata kwa urahisi. Ugumu uko kwenye mahindi, maana sehemu kubwa husagwa kwenye mashine ndogo za mtaani na vijijini, mteja akija na debe lake na kuondoka na unga wake, na hapo hakuna kiwanda cha kukaguliwa.

Mbegu zenyewe pia zimeboreshwa. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vina karotini nyingi hivi kwamba kiazi kimoja cha wastani kinatosha mahitaji ya vitamini A ya mtoto mdogo kwa siku. Kazi ya kuboresha mbegu kama hizi na kuzieneza Msumbiji, Uganda na kwingineko iliwapatia Maria Andrade, Robert Mwanga, Jan Low na Howarth Bouis Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Nchini Rwanda, wanafunzi wa kike wa chuo kikuu waliokula maharage yaliyozalishwa yawe na chuma kingi waliongezeka damu ndani ya miezi michache kuliko wenzao waliokula ya kawaida.

Kidonge kina mahali pake, na mahali hapo panajulikana. Kwenye kliniki za wajawazito Tanzania kinaitwa FEFO: chuma, mara nyingi miligramu 60, pamoja na asidi ya foliki. Kinawafaa wanawake kwa wingi, na wengi hukiacha. Husababisha kichefuchefu, kufunga choo na choo cheusi, na mama asiyeelezwa kuwa weusi huo hauna madhara huingiwa na hofu. Wengine huogopa mtoto atakuwa mkubwa mno tumboni. Wengine hula udongo, hamu ambayo mara nyingi huambatana na upungufu wa chuma wenyewe, na udongo ukazuia chuma zaidi. Dakika tano za maelezo pale dirishani huweza kuwa na thamani kuliko kuongeza ukubwa wa dozi.

Asidi ya foliki inaonyesha jinsi wakati ulivyo na uzito kuliko kiasi. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1991 ulithibitisha kuwa, ikitumiwa kabla ya mimba na mwanzoni mwake na wanawake waliokwisha kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi au kasoro kama hiyo, hupunguza kwa asilimia 72 uwezekano wa mwingine kuzaliwa na tatizo hilo. Mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 za kwanza baada ya mimba kutunga, wakati mama wengi hawajajua kuwa wana mimba. Mwanamke anayefika kliniki mwezi wa nne hupewa foliki inayomfaa kwa damu yake, lakini kwa mgongo wa mtoto imeshachelewa. Hapa unga ulioongezwa foliki unafanya ambacho kidonge cha kliniki hakiwezi.

Funzo zito kuliko yote kuhusu vidonge lilitoka Pemba. Zaidi ya watoto 24,000 wa chini ya miaka mitatu walishirikishwa katika utafiti wa kuwapa chuma na foliki kila siku, jambo lililoonekana la heri tupu katika kisiwa chenye upungufu mkubwa wa damu. Mwaka 2003 sehemu ya chuma ilisimamishwa. Watoto waliopewa walilazwa au kufariki kwa asilimia 12 zaidi ya wasiopewa, na malaria ilihusika kwa kiasi kikubwa. Utafiti mwenza uliofanyika Nepal, pasipo malaria ya aina hiyo, haukuonyesha madhara hayo. Na hata Pemba kwenyewe, katika kundi dogo lililopimwa damu na kutibiwa malaria kwa ukaribu, watoto waliokuwa na upungufu wa kweli wa chuma walinufaika. Chuma kilimsaidia mtoto aliyepungukiwa na kumhatarisha asiyepungukiwa, na aliyekuwa anawagawia wote hakuweza kuwatofautisha kwa macho. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake: mahali penye malaria, watoto wasipewe chuma pasipo mipango ya kuikinga, kuipima na kuitibu.

Dar es Salaam nayo ilitoa somo linalofanana. Kuanzia 1995 wanawake wajawazito 1,078 wenye virusi vya UKIMWI walishirikishwa katika utafiti wa vitamini, kabla dawa za kufubaza virusi hazijapatikana kwa umma. Vitamini za jamii ya B, C na E zilipunguza vifo vya watoto tumboni na kuchelewesha ugonjwa kwa mama. Vitamini A haikuleta faida hiyo, na iliongeza uwezekano wa mtoto kuambukizwa. Kisha ukaja utafiti wa wajawazito zaidi ya 8,000 wasio na virusi, uliochapishwa mwaka 2007: vitamini zilipunguza watoto wa uzito mdogo. Lakini wagonjwa walipoanza kupata dawa za kufubaza, na dozi kubwa ya vitamini ikapimwa dhidi ya dozi ya kawaida, ile kubwa haikuongeza maisha. Ilionyesha dalili za kuchosha ini, na utafiti ukasimamishwa mapema. Mji ni huohuo na vitamini zinakaribiana, ila jibu lilifuata hali ya mwili uliozipokea.

Vitamini A ina sifa yake njema pia. Mwaka 1986 Alfred Sommer na wenzake walitangaza kuwa huko Aceh, Indonesia, vijiji vilivyopewa dozi kubwa mara mbili kwa mwaka vilipata vifo vya watoto pungufu kwa asilimia 34. Matone wanayopewa watoto wa miezi 6 hadi 59 kila baada ya miezi sita yametokana na kazi hiyo. Dozi hiyohiyo kwa mjamzito ni hatari, kwani vitamini A ikizidi huharibu umbo la mtoto anayejengeka. Zinki kwa mtoto anayeharisha, kwa siku 10 hadi 14 pamoja na maji ya chumvichumvi, ni tiba inayokubalika.

Kinachobaki ni soko, na hapo mambo ni ya kusikitisha. Wanaonunua makopo ya bei kubwa na vidonge vinavyochemka kwenye glasi mara nyingi ni wale ambao sahani zao tayari zina mayai, nyama na matunda. Kwa mtu mzima mwenye afya anayekula vizuri, hakuna ushahidi madhubuti kuwa vidonge hivyo humwepusha na saratani au maradhi ya moyo. Vitamini C haizuii mafua kwa watu wa kawaida, ingawa hufupisha kidogo siku zake ikitumiwa kila siku kabla ya kuugua. Ikizidi sana huharisha na huweza kuleta vijiwe vya figo. Unga wa mlonge husifiwa kuwa na chuma kuliko mchicha na kalsiamu kuliko maziwa, na hesabu hiyo hufanywa kwa gramu 100 za unga mkavu dhidi ya gramu 100 za mboga iliyojaa maji, wakati mtu hukoroga kijiko kimoja tu kwenye uji. Mlonge ni mboga nzuri; kosa liko kwenye hesabu. Linaloumiza zaidi ni mgonjwa wa kisukari au wa presha anayeacha dawa alizoandikiwa kwa sababu muuzaji amemwahidi kuwa kopo litamponya.

Anayehitaji vidonge kweli anapaswa pia kujua namna ya kuvitumia. Chuma na kalsiamu vikimezwa pamoja hugombana, kwa hiyo vitenganishwe kwa saa kadhaa. Vyote viwili hupunguza nguvu ya dawa kama doksisaiklini na siprofloksasini vikikutana nazo tumboni. Vitamini K huvuruga kazi ya baadhi ya dawa za kuzuia damu kuganda. Vitamini B6 kwa dozi kubwa ya muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu na mikono, ganzi ileile ambayo wengi humeza B6 wakitumaini kuiondoa. Kipimo cha wingi wa damu kinapatikana katika vituo vingi vya afya na kinaonyesha kama damu imepungua kabla ya mtu kutoa fedha dukani. Na vidonge vya chuma, ambavyo mara nyingi hupakwa rangi nyekundu na kung'arishwa kama peremende, huwekwa juu mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, kwa kuwa mtoto wa miaka miwili akimeza pakiti ya mama yake anaweza kufa.